Programu ya dukani na lugha yake: tutafsiri nini, tuache nini?

Mwaka jana niliitwa Chake Chake na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hesabu za siku nzima zilikuwa zimepotea. Tuliporudia hatua alizopita tukaona kilichotokea: alipotaka kufunga, programu ilimwuliza "Discard changes?", yaani mabadiliko yatupwe?, naye akabonyeza kitufe cha kwanza kama alivyozoea kwa kila kijisanduku kinachomtokea. "Mwanangu, mie nikidhani inaniuliza kama nishamaliza," aliniambia. Programu ile niliiandika mimi.

Tangu siku hiyo sijaacha kujadiliana na wenzangu tunaoandika programu za kompyuta za mezani hapa visiwani Zanzibar: tuzitie Kiswahili na lugha nyengine, au tuache Kiingereza kilivyo?

Wanaopinga wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa. Ya kwanza ni mazoea. Kijana wa steshenari ya Darajani hasomi menyu, anajua mahali pa kubonyeza. Anasema "sevu", "printi", "pasiwedi". Mwandikie "nywila", ambayo ndiyo hiyo pasiwedi, atakuuliza ndiyo nini. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikaleta sura ya Kiswahili kwa Windows. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini kompyuta ninazoletewa kutengeneza hapa mjini, karibu zote ziko kwa Kiingereza. Hoja ya pili ni matunzo: toleo jipya huja na maneno mapya, mfasiri keshaondoka, programu ikabaki nusu kwa nusu. Ya tatu ni kwamba ujumbe wa hitilafu ukiwa kwa Kiswahili, ukiutafuta kwenye intaneti huambulii kitu. Hii dawa yake nyepesi: kila hitilafu ipewe namba, na namba haitafsiriwi.

Hiyo ya mazoea naikubali nusu. Mazoea yanamtosha mtu kwa kazi ya kila siku. Hayamfai siku anapoulizwa swali ambalo hajawahi kuulizwa, na maswali ya namna hiyo ndiyo yanayofuta hesabu za watu.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Programu nyingi hazitafsiriki kwa jinsi zilivyoandikwa. Tunaunga sentensi vipande vipande ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe: jina la kitu, kisha neno moja la kusema kimefutwa. Kwa Kiingereza neno hilo halibadiliki, kwa hiyo hakuna anayeona tatizo. Ngeli zetu hazikubali. Risiti imefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, mzigo umefutwa, mteja amefutwa. Idadi nayo ina yake. Mwingereza huongeza herufi mwishoni mwa jina, basi. Kwetu risiti ni risiti, iwe moja au mia, na kitenzi ndicho kinachogeuka: risiti 1 imechapwa, risiti 3 zimechapwa. Gunia ndiyo hugeuka kote: gunia 1 limepokewa, magunia 3 yamepokewa. Zana ya kutafsiria programu kama gettext inakuruhusu kuandika sentensi nzima ya umoja na nzima ya wingi. Kiarabu humo kina sura sita za idadi. Ila haiwezi kukusaidia ikiwa sentensi umeikatakata mwenyewe.

Njia niliyoipata ni kumfanya mtumiaji awe mtenda. "Umefuta risiti", "umefuta kitabu", "umefuta mzigo": kitenzi kinatulia. Mteja bado anadai "umemfuta", kwa hiyo watu nimewaandikia sentensi yao peke yao.

Saa nazo zina hatari yake. Chukua nyumba ya wageni Shangani, boti ya mgeni inaondoka 7:00 AM. Mfasiri akiandika "saa 7:00", mtu wa mapokezi atamwambia mgeni saa saba, na mgeni atashuka bandarini Malindi mchana, boti imeshaondoka saa sita nyuma. Wako wanaotaka programu ibadilishe saa zote ziwe za Kiswahili. Mimi sitaki, kwa sababu saa ya ukutani ina tarakimu zile zile na kila mtu anajua kuisoma. Naandika 07:00 asubuhi, na neno "saa" naliacha nje.

Kuhusu istilahi, msamiati wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Taifa na BAKIZA la Zanzibar, ndio pa kuanzia. Hata hivyo Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na bado programu ikitoka bara itaandika "shule" wakati bango la getini hapa limeandikwa "skuli". Alama ambayo kompyuta hutambulia lugha, sw-TZ (Kiswahili cha Tanzania), haijui kama kuna bahari katikati. Tafsiri mbili nzima ni mzigo usio na maana. Inatosha maneno machache yaweze kubadilishwa kwenye mipangilio.

Kwa hiyo sidai kila kitu kitafsiriwe. Sentensi nzima nzima zitolewe kwanza kwenye msimbo, ziwekwe kwenye faili lake. Kisha tuanze na maonyo ya mambo yasiyorudi, risiti na ripoti. Menyu zinaweza kungoja. Na vitufe visiseme ndiyo na hapana. Muulize Mswahili "Hutaki kuhifadhi?", akijibu ndiyo amekubaliana nawe kwamba hataki, na mashine itafahamu vyengine kabisa. Kitufe kitaje kitendo chenyewe.

Kwa yule mama wa Chake Chake niliandika: "Hujahifadhi hesabu za leo. Ukifunga sasa zitapotea." Chini yake vitufe viwili, "Hifadhi kisha funga" na "Rudi kwenye hesabu". Alivisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. Akasema hifadhi analijua, lakini hapo dukani wao husema weka. Nikabadilisha palepale: "Weka hesabu kisha funga."