Mzinga wa Handeni, Nausimulia Mwenyewe

Kabla hamjaendelea kucheka na yale aliyoyaandika shemeji kwenye grupu, eti nilivua suruali nikakimbia, nyamazeni kidogo. Suruali sikuivua. Ilichanika. Hayo ni mambo mawili.

Mnajua nilikuwa natafuta skopu, darubini ya kulengea, ya ile bunduki yangu ya kibali. Shemeji akanishauri nichukue ya fokasi ya kwanza: ukikuza picha, mistari ya kulengea ya ndani nayo inakua, kwa hiyo kistari kina kipimo kilekile uwe umekuza mara 4 au mara 16. Mimi nikaona kasoro zake tu. Ukishusha mpaka 4 mistari inakonda, jioni kwenye majani huioni. Halafu bei! Nikachukua ya fokasi ya pili. Msalaba wake wa kulengea ni mnene muda wote, haukui wala haupungui. Muuzaji alisema jambo kuhusu vistari kuwa sahihi ukikuza mpaka mwisho tu. Nilikuwa nahesabu chenji.

Jumamosi tukaenda kuijaribu shambani kwa shemeji, Handeni. Mita 100, katikati ya karatasi, mbele ya vijana wote wa shamba. (Msinipongeze. Katikati ya msalaba hapahami hata ukuze vipi. Hilo nimelijua baada ya sindano.) Kichwa kikavimba, uvimbe wa kwanza wa siku hiyo. Nikaagiza karatasi ipelekwe mita 300, iegemezwe kwenye mbuyu, nyuma yake kilima kitupu.

Hesabu ninayo: kistari kimoja kwa mita 300 ni sentimita 30, na risasi yangu huko inashuka karibu hizohizo. Basi nilenge juu kistari kimoja. Ila hesabu hiyo ni ya 16, na skopu ilikuwa bado kwenye 4, ambako kistari kile kinabeba mara nne yake, sentimita 120.

Paa! Karatasi haikutikisika. Juu yake kukasikika mlio mkavu wa gogo.

"Umekosa," shemeji akasema.

"Tobo halionekani kwa mbali, shem." Nikaifungua bunduki, nikaiacha, nikaenda kumwonyesha.

Sasa nataka mpate picha. Natembea polepole, kifua mbele, vijana nyuma yangu. Nafika. Karatasi safi. Nainama, napapasa, labda tobo liko pembeni. Kitu kizito cha uvuguvugu kinanidondokea shingoni. Nakifuta kwa kidole. Nanusa. Nalamba. Ndiyo, nililamba, hapo shemeji hakuongeza chumvi. Asali! Nikalamba tena. Nikainua macho taratibu, na sentimita 90 juu ya nilipokusudia, mzinga wa gogo unaning'inia na matobo mawili mapya, na kwenye kila tobo wenyewe wanatoka kuangalia nani kabisha hodi bila kungoja karibu.

Nikageuka niwaambie vijana watulie. Hakukuwa na kijana. Walishafika kwenye gari, na vioo wamepandisha.

Wa kwanza alichukua mdomo wa juu. Wa pili sikio. Waliobaki hawakupanga foleni. Nilikimbia, wadau, nikipiga kelele ambazo sitaki kuzungumzia hapa, mpaka seng'enge ikaidaka suruali. Shemeji akanifungulia mlango baada ya kuuliza kwanza, kupitia kioo, kama ninao nguoni.

Zahanati, sindano, uso kama andazi. Jioni mzee mwenye mzinga akaja.

"Fikamoo, mfee."

"Marahaba, mwanangu. Mzinga wangu ulikukosea nini?"

Nikamweleza yote kwa mdomo ule ule, fokafi ya kwanza na fokafi ya pili. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, shemeji kando amekaa chini kwa kicheko.

"Hiyo ya kwanza inaizidi yako kwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Basi hicho ulichobakisha ndicho bei ya mzinga."

Nikamrushia palepale kwa simu. Akanikumbusha niweke na ya kutolea.