Nilivyompiga mbuzi wa sendofu kwa maiki

Naomba niseme mapema, yule mbuzi alikuwa ameshakufa. Alishachinjwa, akabanikwa, kasimamishwa mezani na majani mdomoni kama ndafu wote wanavyosimama, kwahiyo wale wanaosambaza kwenye grupu la familia kwamba shemeji kaua mbuzi waache uongo. Mi nilimpiga tu, na sikukusudia.

Mi mtu wa Tanga, nimeoa Uchagani, na nina ugonjwa mmoja unaitwa The Who, bendi ya roki ya Uingereza. Umri wangu na wao wala haukaribiani, ila mjomba wangu alikuwa baharia, alirudi na redio kaseti na kanda zake, siku moja nikiwa na miaka kumi na mbili nasikia mtu anapiga ngoma kama anaporomoka ngazini na kabati la vyombo, nikamuuliza mjomba huyu mbona anakosea? Akasema hakosei huyo, huyo ndo Keith Moon. Nikaishia hapo mpaka leo.

Mke wangu anajua shida yangu. Kila tarehe 14 Februari maua atapata, simnyimi, lakini kwanza lazima tusikilize ile rekodi ya Chuo Kikuu cha Leeds maana ilipigwa tarehe hiyohiyo, Jumamosi ya 14 Februari 1970, tena kwenye bwalo la chakula la wanafunzi. Huwa namwambia mama watoto, laivu kali kuliko zote duniani imepigwa mahali watu wanapogawiwa chakula, hilo halikupi picha? Ananiuliza niongeze mchuzi au nisiongeze.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yeye ni wa Led Zeppelin, bendi nyingine ya hukohuko. Tukikutana kwenye nyama choma hatuulizani hata watoto wanaendeleaje, tunaanza palepale tulipoishia. Yeye anasema John Bonham alikuwa anaachiwa steji peke yake apige ngoma, kuna siku anakwenda zaidi ya dakika ishirini, wenzake wako nyuma ya steji wanakunywa na kurudi, na watu hawachoki. Mi namwambia dakika ishirini za ngoma tupu kwetu tunaita mkesha. Namkumbusha na Live Aid, lile tamasha la hisani la Julai 1985, Zeppelin walivyopanda kule Philadelphia na Phil Collins kwenye ngoma, wakapiga vibaya mpaka wenyewe hawakutaka iwekwe kwenye DVD. Hapo shemeji huwa ananyamaza kidogo, anatafuna mfupa, halafu anasema na nyie siku hiyohiyo kule Wembley, London, si ndo mlikatika matangazo katikati ya wimbo, hata setelaiti iliwakataa. Halafu anamalizia na lile lake baya kabisa, kwamba Bonham alipofariki 1980 wenzake walisema basi, bendi imeisha, wakakaa na msiba wao kama watu wazima, ila nyie Moon katangulia 1978 hamjavunja hata matanga mmeshaleta mpiga ngoma mwingine. Hapo ndo huwa nakosa la kusema, naagiza ndizi.

Kwenye meza yetu kuna na jirani mmoja, yeye kila ubishi anaumaliza na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kwasababu kazaliwa Unguja 1946. Kwake hiyo inatosha. Na kwakweli zile dakika ishirini na kidogo za Queen pale Wembley hata mi sina ubishi nazo, watu elfu sabini na kitu wanapiga makofi kwa pamoja, kijana wa Unguja kashika kile kijiti cha maiki kisicho na kitako. Mnajua kile kijiti kilitokeaje? Stendi ilimvunjikia mikononi zamani huko kwenye shoo, akaona mbona nyepesi, akabaki nayo maisha yake yote. Na Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, naye kuvunja magitaa hakupanga, 1964 walikuwa wanapiga kwenye baa moja Harrow, Railway Hotel, dari fupi, kanyanyua gitaa likagonga dari shingo ikavunjika, watu wakacheka, akakasirika akalimalizia kulivunja. Baada ya hapo watu wakawa wanakuja kuona avunje tena. Nawaambia haya ili muelewe kichwa changu kilikuwaje siku ya tukio. Nilikuwa naamini kabisa kwenye muziki huu ukiharibu vizuri unakuwa umetengeneza.

(Pink Floyd nawaruka. Watu waliokwenda kupiga laivu kwenye magofu ya Pompeii 1971 bila mtazamaji hata mmoja, hao ni mafundi sawa, lakini ni kama kuandaa harusi ukafunga geti.)

Basi ikaja sendofu ya shemeji yangu mdogo, kitindamimba wa kwao mke wangu. Ukumbi Dar, kamati imekaa miezi minne, michango imelipwa, kitenge cha sare kimeshonwa, mchungaji yupo meza kuu pamoja na baba mkwe na mama mkwe, na pembeni ya meza kuu, kwenye kimeza chake kilichopambwa, ndafu. Mkubwa huyo. Kasimama anatuangalia wote kama mgeni rasmi.

Sisi wanaume watatu tuliooa kwenye ile nyumba tulipangiwa kuingia na zawadi yetu kwa staili, jiko la gesi la plate nne. Wenzangu walitaka tuingie na Bongo Fleva tucheze kidogo tukae. Mi nikasema niachieni mimi. Nikamfuata didjei nyuma ya spika nikampa flashi na elfu kumi, nikamwambia tukiingia weka wimbo huu, Won't Get Fooled Again wa The Who, tuachie mpaka mwisho, usikate. Akaangalia flashi akaangalia elfu kumi akasema sawa bosi.

Mtaniuliza nilipata wapi ujasiri. Nilipata kwa Scot Halpin. Novemba 1973 The Who wako Cow Palace, kule karibu na San Francisco, Keith Moon akazimika juu ya ngoma zake, wakambeba, wakambeba tena, ikashindikana, Townshend akauliza kwenye maiki kama kuna mtu anajua kupiga ngoma. Huyu Halpin alikuwa mtazamaji tu, kijana wa miaka 19, akapandishwa stejini akamaliza shoo na The Who. Sasa kama shabiki anaweza kupanda akapiga na The Who wenyewe, mi nashindwaje na sendofu?

Hapo MC akatuita, "wakweee, njooni na mambo yenu!", jiko linaingia limebebwa na wenzangu wawili, na mimi mbele naomba maiki. Maiki zisizo na waya zilikuwa mbili, moja ni ya MC haachii hata akienda chooni, nyingine iliishiwa betri kwenye hotuba ya mwenyekiti wa kamati, na aliyeisikia ile hotuba hawezi kuilaumu betri. Wakanipa ya waya. Waya mrefu, mweusi, umezungushwa vizuri. Nilipoushika nikasikia moyo unafanya pa! Maana wanaomjua Roger Daltrey, mwimbaji wa The Who, wanajua, yule maiki haimbii tu, anashika waya anaizungusha maiki hewani kama kombeo, duara kubwa, inapita juu ya vichwa vya wenzake, halafu inarudi anaidaka kwenye bitii ileile anayotakiwa kuimba. Na mi nilikuwa nafanya mazoezi uani kwangu tangu mwaka juzi, kwa kamba ya kuanikia na kandambili. Kandambili naifunga kwa fundo la kibaharia alilonifundisha mjomba. Haijawahi kunitoka hata siku moja.

Ule wimbo ni wa dakika nane na ushee. Niseme ukweli dakika tatu za kwanza ukumbi ulinivumilia, wamama walicheka, watoto wakaja mbele, wale wenzangu na jiko lao walianza kucheza kwa heshima, ila jiko ni zito na dakika ya nne wakaliweka chini wakaenda kukaa. Nikabaki peke yangu. Halafu ikafika ile sehemu, wanaoujua wanaujua, gitaa kimya ngoma kimya kinabaki kinanda tu kinajizungusha kama mdudu kwenye taa, muda mrefu, watu wakajua wimbo umeisha. Makofi yakapigwa, makofi ya watu waliofika salama. MC akaanza kuja kunipokea maiki. Nikamzuia kwa mkono. Maana bado. Baada ya kinanda zinaingia ngoma, na baada ya ngoma unakuja ule ukelele, ukelele mkubwa kuliko wote kwenye historia ya muziki huu, na Daltrey kabla ya ukelele lazima awe amezungusha.

Nikaachia waya kama mita moja na nusu nikaanza. Raundi ya kwanza safi. Ya pili watoto wanashangilia. Ya tatu naona simu zinanyanyuliwa, nikasema leo leo. Raundi ya nne nikaongeza waya, MC akarudi nyuma mpaka kwenye mapazia. Ngoma zikaanza kuingia, nikafumba macho, nikazungusha kwa nguvu zangu zote, na hapo nikasikia wepesi. Wavuvi wa kwetu wanaujua ule wepesi, ule wa samaki kukata mshipi. Mkono unajua kabla ya kichwa.

Lakini jamani bitii imeshafika, nimeisubiri dakika saba, nafanyaje? Nikapiga ukelele.

Yaani mambo mawili yakatokea kwa pamoja, maiki ilimkuta ndafu shingoni, kishindo, akainama upande kama mtu aliyepewa taarifa mbaya, akaenda chini na sinia la ndizi, majani yamemtoka mdomoni, na sekunde ileile mi nimefumba macho, mikono juu, nalia YEEEEEEEH bila maiki, na ule ukelele wangu kumbe maiki haukuihitaji. Waliokaa nyuma ambao hawakuona walisikia tu kishindo na yowe. Na yowe kwetu lina maana yake. Dada zake mama mkwe wakaitikia kwa mayowe yao, mlinzi wa geti akaingia na rungu mbio, mchungaji akasimama kanyoosha mkono mmoja mbele, mpaka leo sijui alikuwa anakemea au anajikinga.

Nikafumbua macho. Mkononi nina waya, mwisho wa waya hamna kitu, mbele yangu mbuzi kalala. Mtu angeingia wakati ule angesema huyu bwana kaleta mbuzi wake ukumbini kamfia njiani. Na kwa jinsi nilivyokuwa nahema na mikono iko juu, kuna shangazi alinifuata akanishika bega akaniambia pole baba, usilie, ni mbuzi tu.

MC naye akapata la kusema, "wapendwa, naona hata mbuzi ameshindwa kuvumilia." Ukumbi ukaanguka. Nilitafuta mke wangu kwa macho nikamwona anatoka nje polepole kashika pochi kwa mikono miwili, hakugeuka.

Lakini kilichoniumiza siyo mke wangu wala mbuzi. Shemeji mtu wa Zeppelin alikuja taratibu, akainama akaokota ile maiki chini ya meza kuu, wavu umebonyea una mafuta, akaja kuniwekea mkononi akaninong'oneza, "Daltrey huwa anaifunga tepu." Nikamuuliza tepu gani? Akasema tepu, maiki na waya wake vinazungushiwa tepu mpaka vinakuwa kitu kimoja ndo anarusha, we shabiki gani hujui hilo? Mi ninayejua tarehe ya Leeds. Mi ninayemjua Scot Halpin kwa jina. Kumbe kandambili nilikuwa naifunga fundo, na maiki niliiamini kwa kale kachuma kadogo kanakosema tik, na mtu wa Zeppelin anajua. Afadhali angenizaba kofi.

Ndafu alisimamishwa tena, wakamwegemeza na kiti nyuma, majani wakamrudishia, akakatwa kama kawaida na aliliwa mpaka mfupa. Sahani yangu baba mkwe aliipakua kwa mkono wake mwenyewe. Alinipa shingo. Didjei alidai laki na nusu ya maiki, na elfu kumi yangu hakurudisha, akasema wimbo si ulipigwa mpaka mwisho kama ulivyotaka?

Wiki mbili mzee hakunipigia. Ya tatu akapiga, akasema Jumapili uje. Nikaenda na suti. Shikamoo baba, marahaba, kaa. Kimya kirefu. Halafu akaniuliza, "Hivi yule Mzungu wako anayerusha maiki, yeye huwa anampiga nani?" Nikasema hampigi mtu baba, anaidaka. "Anaidaka?" Anaidaka baba. Akasema nionyeshe.

Nikamwekea kwenye simu ile laivu yao ya kisiwa cha Wight, Agosti 1970, mzee akavaa miwani. Akamwona Townshend kavaa ovaroli jeupe anaruka na gitaa, akaguna. Akamwona Moon anazipiga ngoma kama zinamdai, akaguna. Akamwona Daltrey kifua wazi anazungusha maiki, inakwenda, inarudi, anadaka, mzee akanitazama juu ya miwani halafu akarudi kwenye simu. Mwisho kidole chake kikamgusa yule wa besi, John Entwistle, kasimama pembeni hatikisiki, vidole tu ndo vinakwenda, na siku ile alivaa nguo nyeusi yenye mifupa ya maiti mwili mzima.

"Huyu ni nani?"

Nikamtajia.

"Huwa anasimama hivihivi?"

Siku zote baba.

Akamwangalia mpaka wimbo ukaisha, akavua miwani akaifuta kwa shati. "Hayo mavazi yake tungezungumza," akasema, "ila binti ningempa huyu."

Nikasema ndiyo baba.