Asilimia 40 ya upuuzi, na maji ya Newala

Agosti 2009 kampuni ya utafiti ya Texas, Pear Analytics, ilichota meseji 2,000 za Twitter zilizoandikwa kwa Kiingereza nchini Marekani, ikazigawa mafungu. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40.55, lilipewa jina la porojo zisizo na maana. Mazungumzo ya watu kujibizana yakapata 37.55. Habari, asilimia 3.6 tu. Anayetaka kuthibitisha kwamba mitandao ya kijamii ilikuwa na walakini tangu kuzaliwa huanzia hapo, na hapa Mtwara nimewasikia watu wazima wenye heshima zao wakiivuta hoja hiyo hadi kwenye vurugu za gesi za 2013, watu walipopinga gesi ya mkoa huu kupelekwa Dar kwa bomba: watu walizoea porojo za kwenye simu, porojo zikazaa moto.

Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Nauliza nani alikaa mezani akaamua kipi ni porojo. Mfano uliotolewa ulikuwa wa mtu anayetangaza kwamba sasa hivi anakula sandwichi. Sawa, sandwichi ya mtu haituhusu. Lakini chukua meseji hii ya Newala wakati wa kiangazi: "Maji yametoka. Leteni madumu." Haifiki herufi 30. Mchambuzi wa Texas angeitupa kapu lile lile la sandwichi, maana ni mtu tu anaongelea bomba la kwake. Mwenyeji wa uwanda wa Makonde anajua kwamba maji yale husukumwa kutoka bondeni, kwamba asiye na kisima cha kuvunia mvua hununua kwa ndoo, na kwamba bomba likifunguka asubuhi halina ahadi ya kufika mchana. Kwake hiyo ndiyo habari ya siku, na ile ya bungeni ingengoja.

Kilichofanya meseji kuwa porojo au habari ni aliyeipokea, na utafiti ule haukuwa na njia ya kumuuliza aliyeipokea. Mtafiti danah boyd aliujibu mwezi ule ule: watu huambiana vitu vidogo ili wajuane wako wapi na wako katika hali gani. Kwa Mswahili, ambaye hamalizi salamu hadi ameulizia watoto, shamba na mguu uliokuwa unauma, hilo si ugunduzi. Wanaokumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania wananielewa. Ulijaza majina, ukaituma kwa posta, ukangoja mtangazaji asome kwamba fulani wa Masasi anawasalimu fulani na fulani wa Nachingwea, na ujumbe usemao mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa kipimo cha Pear, kipindi kizima ni porojo. Ila redio iliyowashwa kwa ajili ya salamu ndiyo iliyokuwa bado inaunguruma zamu ya matangazo ya vifo ilipofika.

Na huo ufupi unaolaumiwa haukubuniwa na wapenda umbea. Mwaka 1985, Bonn, Ujerumani, mhandisi Friedhelm Hillebrand alipiga taipu sentensi na maswali ya kila siku, akahesabu herufi, akaona karibu yote hayavuki 160. Kadi za posta nazo nyingi hazikufika 150. Hivyo ndivyo meseji ya simu ilivyopata kimo chake. Twitter, iliyoanza 2006, ilikata 20 kwa ajili ya jina la mwandishi, zikabaki 140, ili ujumbe uingie kwenye simu yoyote, hata kitochi. Yaani kwa umbo lake, mtandao ule ulimfaa zaidi mtu wa Tandahimba kuliko gazeti lililochapwa Dar usiku na kuletwa kwa basi, miaka ile ambayo kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga hakikuwa na lami na mvua ikinyesha basi hulala huko.

Kwa umbo tu, lakini. Miaka ya mwanzo, aliyekuwa nje ya nchi chache zenye namba fupi za Twitter alitakiwa kutuma kwa namba ya Uingereza, kwa bei ya meseji ya nje. Wenye lawama wana hoja hapa: mwaka 2013, Mtwara ilipokuwa midomoni mwa watu Twitter, wengi wa waliokuwa wakiiandika walikuwa mbali nayo. Wana hoja nyingine, nzito kuliko hiyo. Mkataba wa gesi hauingii katika herufi 140. Ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 uliokuwa ukilipwa halmashauri wakati ule ulihitaji kuelezwa kwa kituo, kama ulivyohitaji mpango wa kujenga mtambo wa kusafisha gesi Madimba, humu humu mkoani. "Gesi haitoki" ina herufi 12 pamoja na nafasi yake. Katika mashindano ya mbio hizo, maelezo yalishindwa kabla hayajafunga kamba za viatu.

Hilo nalikubali. Lakini siku ya tarehe 22 Mei 2013, Profesa Sospeter Muhongo aliposoma bajeti ya Nishati na Madini na mji ukawaka, watu wakafa na jeshi likaletwa, mji ulikuwa umeshapata vipeperushi vya kuwataka watu wafunge biashara wasikilize. Karatasi! Mwezi mmoja kabla, Liwale kuliwaka kwa ajili ya malipo ya korosho, na sijamsikia mtu akiitaja Twitter. Hasira ilitembea kwa miguu, ikapanda bodaboda, ikapita kwenye meseji za kawaida. Ufupi wa maneno haukuiumba. Iliumbwa na watu kuona uamuzi umekwisha kufanywa mahali pengine, na kuelezwa baadaye.

Twitter iliongeza herufi hadi 280 mwaka 2017, na 2020 ikaifunga huduma ya meseji katika nchi nyingi. Mwenye kitochi akafungiwa mlango uliokuwa umechongwa kwa kipimo chake, na sikuona mtu akiandamana. Maongezi ya korosho yakahamia WhatsApp, kwa wenye bando.

Na huko ubishi wa Pear unaendelea bila wenyewe kujua. Mwenyekiti wa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) ya Tandahimba alichoshwa na picha za maua zenye "asubuhi njema", dua za Ijumaa na video za vichekesho katika kundi la wanachama. Akalifunga: viongozi tu ndio waandike, tena mambo ya chama pekee. Wanachama wakaacha kulifungua. Minada ilipoanza aliweka bei ya siku, daraja la kwanza na la pili, safi kabisa, na jioni wakulima wakawa bado wanampigia simu mmoja mmoja kumuuliza bei, wengine wakiwa wameshaongea na watu wa kangomba, wanunuzi wa korosho kwa magendo. Akalifungua tena. Maua ya kwanza yaliingia kabla ya swala ya isha, na chini yake mtu akauliza kama magunia yamefika ghalani.