Usikate Simu

Mwezi uliopita mama alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa daktari, akaelezwa kwamba nimegongwa na gari na kwamba sitafanyiwa upasuaji mpaka zilipwe shilingi elfu kumi na tano. "Mama, usikate simu," yule mtu alirudia kila mara. Mama alikuwa juu ya mbuzi, nazi imekunwa nusu. Mimi nilikuwa kazini, mzima, simu yangu iko mezani. Angenipigia, yangekwisha. Alituma.

Kilichoniudhi zaidi ni ndugu waliomcheka na kumwita mjinga. Uongo wenyewe ulikuwa dhaifu, na mama si mtu wa kudanganywa kwa neno moja. Alinyimwa dakika mbili za kufikiri, basi, na mzazi aliyejazwa hofu hana njia nyingine. Tena hao waliomcheka ndio waliotusambazia, mwaka 2017 kabla ya uchaguzi wa Agosti, ile video ya sekunde 90 iliyoonyesha Kenya ya mwaka 2020 ikiteketea chini ya utawala wa Raila Odinga, mpinzani wa Rais Uhuru Kenyatta. Hakuna aliyeuliza nani ameitengeneza. Baadaye shirika la Privacy International lilieleza kwamba nyuma yake ilikuwa kampuni ya Harris Media ya Texas, na Machi 2018 kamera ya siri ya Channel 4, televisheni ya Uingereza, ikamnasa Mark Turnbull wa Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi katika kampeni za Uhuru Kenyatta, akisema kwamba haifai kupigania uchaguzi kwa ukweli kwa sababu jambo lenyewe ni hisia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hofu iliyochochewa na video ile ilikuwa na mzizi, kwani zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Lakini hilo ndilo linalonichoma: kidonda chetu cha kweli kilitoneshwa makusudi na watu ambao hawakumzika yeyote.

Siku hizi video ya siasa ikinifikia usiku, ikinihimiza niisambaze kabla haijafutwa, nailaza hadi asubuhi. Nyingi hazifiki asubuhi zikiwa na nguvu ile ile.

Juzi mama alipigiwa tena. Alijibu, "Ngoja kwanza nimpigie mwanangu," na safari hii aliyekata simu ni yule mtu.