Madaftari ya Mwalimu yasiishie kufungia maandazi

Mwalimu akifariki, grupu la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani hufunguliwa kabla jua halijazama. Anapatikana mweka hazina, inatajwa namba ya kutumia rambirambi, zinaagizwa fulana zenye picha yake, linakodiwa basi la kwenda kuzika. Yote hayo ni mema, na familia huyahitaji. Lakini wiki chache baadaye nyumba inaposafishwa, hutolewa sanduku ambalo hakuna aliyelifikiria: kaunta buku za nukuu, maandalio ya somo, mitihani aliyoitunga kwa mkono, chati za manila zilizokunjwa. Zinachukuliwa na muuza maandazi, au zinawashia moto jikoni. Kwangu mimi, sanduku hilo ndilo la kuanza nalo tunapotaka kumkumbuka mwalimu.

Sikilizeni wasifu wa marehemu unaposomwa makaburini. Alizaliwa mwaka fulani, akahitimu chuo fulani, akaripoti kituo cha kwanza, akahamishwa, akapandishwa daraja, akastaafu. Hilo ni faili la mwajiri. Alivyofundisha hakumo. Ukiwauliza wanafunzi wake, watakuambia alikuwa mchapakazi na mpenda watu, maneno yanayomfaa kila marehemu.

Chukueni mfano wa hesabu za sehemu. Mtoto anaambiwa ajumlishe 1/2 na 1/3, anaandika 2/5: amejumlisha juu na juu, chini na chini. Mwalimu asiye na uzoefu huchora mkasi na kuandika 5/6 kwa wino mwekundu. Mwalimu aliyeiva huuliza swali moja tu: "Kati ya 2/5 na nusu, ipi kubwa?" Mtoto anakata chungwa kwa mawazo, anatulia, anaona kwamba ameongeza kitu na kikapungua. Hapo anafuta mwenyewe. Swali kama hilo halimo kwenye kitabu cha kiada. Limo chini ya andalio la somo, pale penye "tathmini" na "maoni", ambapo walimu wengi huandika "somo limeeleweka" na wachache huandika kweli: nani hakuelewa, kwa nini, na kesho waanzie wapi. Mistari hiyo miwili mitatu ndiyo mali.

Ombi liifikie familia kabla ya arobaini, nalo liwe dogo: msitupe makaratasi, mtuwekee. Lipitie kwa mtoto mkubwa au ndugu wa marehemu. Kama marehemu ni mwanamume Mwislamu, mkewe yuko edani miezi 4 na siku 10. Asisumbuliwe kwa mambo ya madaftari. Kazi yenyewe inaweza kusubiri. Semeni mapema kwamba mnataka kupiga picha tu na kila karatasi itabaki nyumbani, maana familia ikihisi mnabeba urithi wake, mlango utafungwa, na itakuwa na haki.

Simu ya kawaida inatosha. Kaunta buku ya kwaya 3 ina kurasa 288. Mkipiga kurasa mbili kwa picha moja, ni picha 144, na watu wawili, mmoja akifunua na mwingine akipiga, huimaliza kwa chini ya saa moja. Kaeni karibu na dirisha asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, na zimeni flashi, kwa kuwa inaacha doa jeupe katikati ya ukurasa. Simu iwe juu ya daftari, isilale upande. Maandishi ya penseli yaliyofifia yapigwe mara mbili, ya pili kwa karibu zaidi. Pini zenye kutu zitolewe taratibu kwa ncha ya kisu butu. Msibandike selotepu pale palipochanika: baada ya miaka inageuka njano na kula wino.

Kosa linaloharibu kazi nyingi huja baada ya hapo. Picha zinarushwa kwenye grupu kama picha, WhatsApp inazipunguza ubora, halafu asili zinafutwa simu ilipojaa. Zitumeni kama faili, au zihamisheni kwa waya. Wekeni nakala tatu sehemu tatu: flashi diski kwa familia, kompyuta ya mtu mmoja, na hifadhi ya mtandaoni yenye nywila inayojulikana na watu wawili. Kila faili ipewe jina linaloanza na mwaka, kisha darasa na somo, la sivyo mtabaki na picha 900 zisizo na kichwa wala miguu. Alama na adhabu za wanafunzi zisisambazwe kabisa.

Kuna na sauti. Hotuba za Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha ualimu 1955, tunazisikia kila Oktoba 14 kwa sababu kuna mtu alirekodi. Mwalimu wa kijijini naye ana sauti zake kwenye simu za watu. Zihamisheni kabla simu hazijaibwa. Wanafunzi waulizwe mmoja mmoja faraghani, wasiulizwe ndani ya grupu, maana huko jibu la kwanza huyavuta yote yanayofuata. Maswali yawe ya kazi: alianzaje kipindi? Ukikosea alifanyaje? Somo lipi ungeweza kulifundisha leo kama yeye? Dakika tatu za sauti kwa kila mtu zinatosha. Jambo likisemwa na wawili ambao hakuna aliyesikia jibu la mwenzake, liandikeni.

Zawadi ya kila mwaka kwa jina lake naiunga mkono ikiwa ndogo: dazeni ya madaftari na mkebe wa hesabu, kwa makubaliano ya maandishi na mkuu wa shule. Mifuko mikubwa ya ufadhili huwaka mwaka wa kwanza, na wa tatu mweka hazina anachanga peke yake.

Nakala ya kwanza iliyochapwa apewe mwalimu aliyerithi vipindi vyake, apelekewe hadi ofisi ya walimu, na ukurasa wa hesabu za sehemu uwekewe alama. Darasa lile lile linamsubiri, na yupo mtoto atakayeandika 2/5.