Basi namba 27

Jamani, mwenzenu naishi Madrid, na mwenzenu kachoka. Si baridi, si kazi. Basi.

Dar ukipitilizwa kituo, lawama ina mwenyewe: konda. Huku konda hayupo. Unapandia mlango wa mbele, unagusisha kadi kwenye kimashine, kinalia pii, yameisha. Sasa nigombane na nani, kimashine? Dereva naye hana habari na wewe mpaka utoe pesa taslimu, na noti isizidi euro 5, maana nauli ni euro 1.50. Ukimpa noti ya 20, pesa halali nchi zote zinazotumia euro, anakutazama kama umempa jani la mwembe. Wakati huo foleni nzima inakuhemea kisogoni.

Halafu eti kituoni mpaka unyooshe mkono, la sivyo linapita! Mtu mzima nimesimama chini ya kibao cha basi, Agosti, jua la nyuzi 38, mnadhani nimekuja kuuza sura?

Na hayo ni cha mtoto. Basi la huku lina wenyewe, nao ni mabibi. Anapanda bibi na kile kitoroli chake cha sokoni, cha kitambaa, magurudumu mawili, majani ya liki yamechungulia juu. Kinakukanyaga vidole, na anayenuna ni yeye. Sasa ole wako usimame karibu na mlango wa kushukia. Kituo bado kabisa, ushaguswa bega: "Mwanangu, unashuka kinachofuata?" Usidhani unaulizwa. Unahamishwa. Unajibana, bibi anapita, kitoroli kinafuata, wewe unabaki umemkumbatia baba wa watu ambaye hata salamu hamjapeana. Basi likisimama, bibi anashuka taratibu, anageuka, anakusindikiza kwa jicho. Kosa lako hulijui, lakini unajisikia unalo.

Haya, mimi nategemea namba 27. Inatoka Embajadores, inapita Atocha, inanyoosha Paseo del Prado, inashika Castellana mpaka Plaza de Castilla. Njia moja safi. Tatizo la njia hiyo ni mpira. Real Madrid wakichukua kombe, mashabiki wanajaa kwenye chemchemi ya Cibeles, wanaivisha skafu sanamu ya mungu mke iliyo pale, barabara inafungwa. Nikasema basi, nitawashangilia Atlético, timu nyingine ya hapa hapa. Kumbe Atlético nao sherehe zao ni kwenye chemchemi ya Neptuno, barabara ile ile, ukitupa jiwe kutoka Cibeles linafika! Yaani jiji lote hili, lina viwanja vya kila aina, timu zote mbili zimeona pa kurukia ni kwenye njia yangu. Mwaka 2024 Real wakabeba ligi, hamu haijaisha wakabeba na kombe la Ulaya. Sherehe mara mbili, na mwenzenu mara mbili nikapiga mguu, viatu vya kazini, katikati ya watu wanaonikumbatia wakiniita bingwa. Bingwa wa nini, bwana, nipishe nipite!

Kwa hiyo siku hizi msimu ukikaribia kuisha mimi ni Barcelona damu. Wenzangu kazini wananiita msaliti. Wanajua nini? Barcelona wakishinda wanaenda kuziba barabara za kwao, kilomita mia sita huko. Si mapenzi, ni usafiri.