Herufi S Iliyoiangusha Seva

`make` ni programu inayosimamia ujenzi wa programu nyingine kutoka kwenye msimbo, na `-j` huiambia ifanye kazi ngapi kwa wakati mmoja. Watu wengi ukiwauliza `make -j` bila namba maana yake nini, watakwambia ni kuiamuru itumie viini vyote vya prosesa ya mashine. Si kweli. `make -j` bila namba maana yake ni "anzisha kila kazi iliyo tayari, sasa hivi, usimwulize mtu." Viini vikiwa vinne au mia moja, haijali. RAM ikiwepo isiwepo, haijali pia. Ofisini kwetu jambo hili tunalijua wote, hadi mhasibu, na wala hatukulisoma popote.

Tulikuwa na seva moja ya kujengea programu, viini 16, RAM GB 32, mali ya wote. Sisi tunaoandika msimbo tulikuwa tunaukusanyia humo, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa. Dada wa majaribio alikuwa ameweka humo hifadhidata yake. Mzee, ambaye ndiye mkuu wetu wa mambo ya kiufundi, kihariri chake kilikuwa kinaishi humo, pamoja na ile programu ya pembeni inayosoma mradi mzima ili impe majina ya fankisheni kabla hajamaliza kuandika. Basi tuliishi kwa amani, kila mtu akichukua kidogo chake.

Akaajiriwa Dogo. Kijana msikivu, mwepesi kushika, ila subira hakuumbiwa. Alipojenga mradi mara ya kwanza kwa `make` tupu, akaona kompaila, zile programu za kukusanya msimbo, zinapita moja baada ya moja, akanigeukia.

"Kaka, hii kitu huwa inaisha leo?"

Nikamwambia, bila hata kuvua hedifoni, aongeze `-j`, na namba aichukue kwa `nproc`, ile amri inayohesabu viini vya mashine. "Dola, fungua mabano, nproc, funga mabano." Nilitamka sawasawa. Naomba hilo lieleweke mapema, maana baadaye yalizuka maneno.

Dogo akaandika `make -j$(nprocs)`.

Hiyo s aliitoa wapi, mpaka leo hajui. Lakini tazama kilichofuata, maana uhuni wenyewe uko hapa. Bash, ile programu inayopokea amri za terminali, ikatafuta amri ya `nprocs`, haikuiona. Ikalalamika mstari mmoja, "command not found", halafu haikusimama. Ikachukua jibu la amri isiyokuwepo, yaani hewa, ikalipachika palepale kwenye mabano, ikaikabidhi make kilichobaki: `make -j`. Make ikapokea kwa mikono miwili. Ule mstari wa malalamiko ukapandishwa juu na mistari mia tatu iliyokuwa inausukuma kwa chini, na hakuna binadamu aliyeuona.

Mradi wetu una faili mia nne na ushee za C++. Zile nyepesi kompaila yake hula RAM megabaiti mia kadhaa, na zile zilizojaa templeti hupita GB moja bila haya. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka tuna GB 32.

Kilichotangulia ni feni. Seva iko chumba cha pili, mlango umefungwa, lakini tuliisikia ikivuta pumzi. Nikaandika `ls` kwenye terminali yangu. Ikatokea l. Nikasubiri. Nikaangalia kebo ya mtandao, nikaangalia dari. Nikarudi, s haijafika. Ilipofika, nilikuwa nimeshasahau nilitaka kuona nini.

Pembeni yangu Dogo alikuwa anabonyeza Ctrl-C kama anayepampu baiskeli. Hakuelewa kwamba Ctrl-C nayo ni abiria tu: inasafiri kwa SSH, ile njia ya kuingia seva kwa mbali, hadi kwenye seva ileile iliyolemewa, ikifika huko inapanga foleni nyuma ya kompaila mia nne, kila mmoja akiamini kazi yake ndiyo ya haraka. Diski ilikuwa inahamisha kumbukumbu kwenda swapu, ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM, na kurudi, kwenda na kurudi, kazi yenyewe haisogei hata inchi.

Kwenye skrini yake, kabla haijaganda, maonyo ya kompaila yalikuwa yanatoka yote kwa mpigo. Neno linaanza ndani ya faili ya kuchora picha, linakatwa katikati na njia ya folda, linamalizikia kwenye faili ya kuhesabu tarehe. Palikuwa na sentensi moja iliyodai kwamba kigezo kisichotumika kimegawanywa kwa sifuri ndani ya nukta-mkato. Dogo aliipiga picha kwa simu, akasema ataitafutia maana nyumbani.

Halafu RAM ikaisha kabisa. Linux ikifika hapo ina mnyongaji wake rasmi ndani ya kerneli, moyo wa mfumo wenyewe. Anapita akitoa alama, na alama zinafuata zaidi ukubwa wa kumbukumbu inayoshikwa na kila mchakato, yaani kila programu inayoendeshwa. Mwenye alama nyingi anauawa ili wengine wapumue. Utaratibu mzuri tu, isipokuwa siku hiyo wahalifu walikuwa mia nne na kila mmoja alikuwa mdogo. Mkubwa kuliko wote humo ndani alikuwa mtu asiye na kosa: hifadhidata ya dada wa majaribio, GB sita, imetulia zake, haimdai mtu.

Dada yule alikuwa kwenye kikao cha video, anawaonyesha wateja mfumo mpya. Tulikuwa tunamsikia kupitia ukuta, sauti ya kujiamini: "Na sasa nikibonyeza hapa, mtaona oda zote…" Kimya. Akabonyeza tena, tukasikia kipanya. Kimya. Kisha kwa utulivu wa mtu aliyekwishapita mengi: "Samahanini, ni mtandao."

Maskini mtandao. Ungekuwa na mdomo siku moja ungesema.

GB sita zilizoachwa na marehemu zikanyakuliwa na kompaila zilizokuwa mlangoni, na mnyongaji akarudi na daftari lake. Aliyefuata kwa unene ni ile programu ya pembeni ya kihariri cha Mzee.

Mlango wa Mzee ukafunguka.

"Shikamoo, Mzee," Dogo akasema, akiwa amesimama tayari.

"Ulishaniamkia asubuhi. Nani anajenga?"

Kila mtu akagundua kuna jambo muhimu kwenye skrini yake, ingawa skrini zote zilikuwa zimeganda. Mzee hakusubiri jibu. Akaenda chumba cha pili, akachomeka kibodi moja kwa moja kwenye seva, na kwa subira ambayo vijana hatuna, akaandika herufi moja moja mpaka akaiua make yenyewe. Feni ikashuka. Ctrl-C zote za Dogo zikawasili kwa pamoja, zimechelewa, zikajipanga kwenye terminali moja baada ya nyingine kama ushahidi.

Mzee akasoma logi ya kerneli, majina ya waliouawa na ukubwa wao, kisha akafungua historia ya amri za Dogo.

"Hii `nprocs` nani kakufundisha?"

Dogo hakusema kitu. Alinitazama tu. Nikaeleza, kwa adabu, kwamba mimi nilitamka sawasawa.

"Ulivua hedifoni?" Mzee akaniuliza. Sikuona linahusiana vipi.

Hukumu ikatoka papo hapo: kila mtu atajenga kwa `-j8`, namba iandikwe kwa mkono, pasiwepo mabano wala dola. Akaongeza `-l 16`, ili make isianzishe kazi mpya wastani wa mzigo ukivuka hapo, ila akatuonya tusiitegemee sana, kwa kuwa wastani huo ni wa dakika nzima, na mpaka upande kuonyesha shida, shida imeshakaa na kuvua viatu. Na `-O`, iliyoingia kwenye toleo la 4.0 la mwaka 2013, ili kila kazi iseme yake yote ikimaliza badala ya kudakiana maneno. Hiyo ya mwisho ilimsikitisha Dogo, aliyekuwa anaipenda ile sentensi yake.

Ungedhani mambo yakaishia hapo.

Ndani ya mradi wetu kuna maktaba ya zamani, folda zake kadhaa, na kila folda ina Makefile yake, orodha ya kazi ambazo make inazisoma, inayoitwa kutoka juu. Make inayojiheshimu, ikiwaita wadogo zake, inagawana nao kazi: kuna bomba dogo lenye tokeni, na ukisema `-j8` ndani yake zinawekwa tokeni saba. Kila make ina ruhusa ya kazi moja kwa kuzaliwa, na ikitaka ya pili inachota tokeni, kazi ikiisha inarudisha. Hivyo hata ziwe make kumi, jumla haivuki nane. Mpango wa busara kabisa. Lakini unataka wadogo waitwe kwa `$(MAKE)`. Aliyeandika maktaba ile aliandika `make` kavukavu, kwa hiyo wale wadogo hawakulipata bomba, wakatoa onyo kwamba mgawaji kazi hapatikani na kwamba wanaendelea kwa `-j1`.

Yaani kila folda kazi moja kwa wakati, na viini vingine vinatazamana.

Dogo akaliona onyo. Akiwa na nia njema kabisa, na hili nalisema kwa kumtetea, akaingia kila folda akaandika `make -j8`. Make ikaonya tena, safari hii kwamba `-j8` imelazimishwa kwa mdogo na mpango wa pamoja umevunjwa. Onyo hilo nalo likapandishwa juu na mistari. Folda nane zikaanza kwa wakati mmoja, kila moja na nane zake.

Feni ikaanza kupanda.

Kutoka chumba cha tatu, dada wa majaribio, aliyekuwa ameahirisha kikao cha wateja mpaka saa hiyohiyo, akapaza sauti: "Jamani, nani tena?" Safari hii Dogo alikimbia mwenyewe kwenda kuchomeka kibodi. Alikuta Mzee ameshafika. Sijui alipitia wapi.

Baadaye Mzee alituketisha akatuhadithia alivyozoea, kwamba make iliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akiwinda kosa kwenye programu ambayo alikuwa ameshairekebisha, ila hakuikusanya upya. "Miaka yote hiyo," akasema, "chombo kimekuwa kikifanya unachokiambia. Nyinyi mnakiambia nini?" Dogo akaandika hilo kwenye daftari. Mimi nikarekebisha folda zote nane kwa `$(MAKE)`, maana kuna mtu lazima afanye kazi.

Na ilipokuja kufanya kazi sawasawa, nane kweli, tokeni zinazunguka vizuri, mradi ukaanza kukataa kujengeka. Si kila mara, hapana. Mara inakubali, mara inasema faili ya toleo haipo. Faili ile hutengenezwa na skripti katikati ya ujenzi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba wengine wanaihitaji. Miaka yote make ilikuwa inafuata orodha kutoka kushoto kwenda kulia, kazi moja moja, na skripti ilikuwa imeandikwa kushoto. Ilikuwa bahati tu, ila sisi tulikuwa tunaiita ubora.

Ofisi ikabuni dawa yake: ikikataa, rudia. Mara ya pili faili ipo tayari, inapita. Mhasibu mwenyewe akawa anawashauri watu, "Umeshajaribu kurudia?" Wiki haikuisha dawa ikawa kwenye maelezo ya mradi, imekolezwa wino.

Mzee alipoyasoma maelezo yale hakusema neno. Alipandisha make hadi 4.4, toleo la mwaka 2022, kwa sababu ya kitu kimoja: `--shuffle`. Ukiiweka, make inachanganya kwa makusudi mpangilio wa vitu vinavyodai havitegemeani, ili kila uongo kwenye Makefile ujitoe wenyewe. Na ikianguka, kwenye ujumbe wa kosa inakuandikia namba ya mchanganyiko ule, ambayo ukiirudisha unapata mpangilio uleule. Akaiweka kwenye ujenzi wa kila usiku, akaenda zake likizo.

Ujenzi ukaanguka usiku wa kwanza. Ukaanguka wa pili, mahali pengine. Kila asubuhi tunakuta namba mpya ndefu, na kazi ya kuifuatilia akapewa Dogo, mwenyewe kaiomba. Anaingia, anaisoma kwa sauti ili tuiandike, tarakimu baada ya tarakimu, anairudia mara mbili asije akaongeza kitu, halafu anaketi kutafuta nani hakusema ukweli kuhusu nani.

Juzi alipokuwa anaisoma, mhasibu akachomoa kichwa mlangoni na kalamu mkononi.

"Samahani, Dogo. Hizo tarakimu za mwisho ni saba-moja au moja-saba?"

"Saba-moja, mama. Kwani nawe unajenga?"

"Mimi? Mimi nacheza bahati nasibu. Ya jana ulikosea ukaongeza sifuri, nikakosa kwa tarakimu hiyohiyo."